Timu Isiyoweza Kubaki na Wachezaji Wake

Timu ya mpira wa kikapu ya chuo kikuu haiwezi kubaki na wachezaji wake. Kijana anaingia akiwa na miaka kumi na minane au kumi na tisa, anafundishwa, anakomaa, na akishakomaa anaaga: ama amemaliza masomo, ama ameitwa na klabu zinazolipa. Klabu ya mjini inaweza kumshika nyota wake miaka kumi. Chuo kinampata miaka minne tu, na aliye hodari zaidi ndiye anayewahi kuondoka. Kupanda na kushuka kwingi kwa timu ya chuo kunaanzia hapo.

Aliyesoma lisee yoyote yenye uwanja wa basketi anayafahamu haya tayari. Mwaka huu kuna kikosi cha kutisha, vijana warefu wa darasa la mwisho wanawafunga majirani wote. Mwaka unaofuata wale warefu wamekwenda zao, na waliobaki wanajifunza upya hata kudunda mpira. Je, shule imekuwa mbaya? Hapana. Shule ni ileile, uwanja ni uleule, mwalimu ni yuleyule. Watu ndio wamebadilika.

Mazungumzo ya leo yanahusu timu moja ya chuo iliyopanda na kushuka kuliko karibu timu nyingine yoyote ya daraja lake: timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Connecticut, kaskazini mashariki mwa Marekani. Kwa kifupi huitwa UConn. Na kwa nini timu ya mbali hivyo izungumzwe kwa Kiswahili, kwa msikilizaji wa Burundi? Sababu ni kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21.

Jina lake ni Hasheem Thabeet. Alizaliwa Februari 1987. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa amekwisha kuvuka utoto, akaenda Marekani kumalizia sekondari mjini Houston, na mwaka 2006 akaingia Connecticut. Tangu siku hiyo, timu hiyo ya kijiji cha Storrs ikapata mashabiki wapya Kariakoo, Mombasa, Bujumbura na kwingineko ambako hakuna aliyewahi kulisikia jina la Storrs.

Ndiyo, kijiji. Chuo hicho hakiko katika jiji kubwa. Kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo, kikiwa na mashamba na ng'ombe, na hadi leo kinafuga ng'ombe wa maziwa. Jim Calhoun alipokuja kuwa kocha mwaka 1986, timu ilikuwa hafifu. Msimu wake wa kwanza alishinda michezo 9 na kupoteza 19. Miaka kumi na mitatu baadaye, 1999, akawapiga Duke 77 kwa 74 na kutwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani. Mwaka 2004 akautwaa tena. Kwa hiyo Thabeet alikuta nyumba yenye makombe mawili.

Alikuta pia nyumba iliyokuwa imetoka kuhamwa. Sehemu hii inafaa isikilizwe kwa makini, kwa sababu ndiyo inayofunua siri ya timu za chuo. Kikosi cha 2006 kilikuwa na vipaji vingi mno: Rudy Gay, Hilton Armstrong, Marcus Williams, Josh Boone, Denham Brown. Kilifungwa na chuo kidogo cha George Mason, 86 kwa 84, katika muda wa nyongeza, kikakosa nusu fainali. Mashabiki walilia. Kisha ukafika mwezi Juni, siku ambayo klabu za NBA huchagua vijana wapya, na wote watano wakachaguliwa siku hiyohiyo. Watano kwa mpigo! Kwa mchezaji na mzazi wake hiyo ni sherehe. Kwa shabiki, je? Shabiki anacheka na kuhesabu: nani atabaki?

Kikosi kilichofuata kilijaa wageni. Msimu wa 2006 hadi 2007 uliisha kwa ushindi 17 na vipigo 14. UConn haikualikwa kwenye mashindano makuu ya Machi, haikualikwa hata kwenye yale madogo ya kufuta machozi. Thabeet alikuwa akizuia mitupo ya wapinzani kwa mikono mirefu, lakini akipewa mpira hakujua aupeleke wapi. Wapo waliosema kocha amechukua mti badala ya mchezaji.

Hapa inafaa kueleza mashindano ya Machi yalivyo, maana bila hayo mengine hayaeleweki. Vyuo vya daraja la kwanza Marekani ni zaidi ya mia tatu. Baada ya msimu wa ligi, timu zipatazo sitini na kitu huingia kwenye mtoano: siku hizi ni 68, wakati wa Thabeet zilikuwa 65. Mchezo mmoja, ukifungwa unarudi nyumbani. Hakuna marudiano wala hesabu ya mabao ya ugenini. Bingwa ni yule anayeshinda mara sita mfululizo. Kwa hiyo timu inaweza kuwa bora kuanzia Novemba hadi Machi, kisha ikalala vibaya usiku mmoja, na miezi yote ikafutika.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 2008. Thabeet alikuwa amekomaa, timu imeshinda michezo 24, na raundi ya kwanza ikapangiwa chuo cha San Diego ambacho wengi hawakukijua. Mapema katika mchezo huo mchezeshaji wa UConn, A. J. Price, akaumia goti. UConn ikafungwa 70 kwa 69 katika muda wa nyongeza. Pointi moja! Ubovu wa 2007 shabiki aliuzoea baada ya miezi kadhaa. Pigo hili lilikuja ghafla, timu ikiwa nzuri, na maumivu ya namna hiyo hayazoeleki.

Thabeet angeweza kuondoka wakati huo. Klabu za NBA zilikuwa zinamtazama. Akaamua kubaki mwaka wa tatu. Uamuzi huo ndio uliozaa msimu wa 2008 hadi 2009, msimu ambao shabiki yeyote wa UConn mwenye asili ya Afrika Mashariki anausimulia hadi leo.

Wasikilizaji, msimu huo una usiku tatu zinazostahili kutajwa, na kila mmoja una ladha yake.

Usiku wa kwanza ni wa tarehe 16 Februari 2009. UConn ilikuwa namba moja katika orodha ya vyuo vyote vya Marekani. Thabeet alikuwa anatimiza miaka 22 siku hiyohiyo. Wakaja Pittsburgh na kijana wao DeJuan Blair, mwenye mita mbili na sentimita moja, mfupi wa Thabeet kwa sentimita ishirini. Katika kugombea mpira, Blair akamrusha Thabeet juu ya bega lake hadi chini. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet pointi 5 na ribaundi 4. Pittsburgh ikashinda 76 kwa 68. Urefu ulikutana na nguvu za miguu na ujanja wa kukaa mahali, ukashindwa. Mwisho wa msimu wa ligi yao, Thabeet na Blair waligawana tuzo ya mchezaji bora, na Thabeet akapewa peke yake ile ya ulinzi. Ni mgao wa haki, ingawa mashabiki wa Pittsburgh hawatakubali.

Usiku wa pili ni wa tarehe 12 Machi, New York, ukumbi wa Madison Square Garden, dhidi ya Syracuse. Dakika arobaini ziliisha 71 kwa 71. Muda wa nyongeza ukaisha sare. Wa pili, sare. Wa tatu, wa nne, wa tano, sare tupu. Katika vipindi hivyo vyote vitano Syracuse haikuongoza hata mara moja. Ilikuwa inakimbiza tu na kusawazisha. Wachezaji wakaanza kutolewa mmoja mmoja kwa makosa matano, Thabeet akiwemo, na makocha wakaingiza vijana waliozoea kukaa benchi na taulo. Kipindi cha sita Syracuse ikaongoza kwa mara ya kwanza, ikashinda 127 kwa 117. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67. Mchezo uliisha huko New York saa saba na dakika ishirini na mbili usiku. Kwa saa za Burundi ilikuwa saa moja na dakika ishirini na mbili asubuhi: watoto wa Gashoho wako njiani kwenda shule, na wale vijana wa Marekani ndio kwanza wanavua viatu.

Je, kipigo cha namna hiyo ni kushuka? Swali hili mashabiki hulibishania. Kwenye karatasi ni kufungwa, basi. Lakini hakuna shabiki wa UConn anayeutaja mchezo ule kwa aibu. Kuna vipigo vinavyoipunguza timu na kuna vipigo vinavyoiongezea heshima, na cha Syracuse ni cha aina ya pili.

Usiku wa tatu ni wa Aprili, Detroit, nusu fainali. Kabla yake UConn ilikuwa imewapita wanne bila kutetereka sana, ikiwemo Purdue na Missouri. Kocha Calhoun aliumwa na kukosa mchezo wa kwanza, timu ikashinda hata hivyo. Ila ilimkosa Jerome Dyson, mfungaji aliyeumia goti mwezi Februari, na pengo lake lilizidi kuonekana kadiri wapinzani walivyokuwa wakali. Detroit iko katika jimbo la Michigan, na mpinzani alikuwa Michigan State. Hebu fikiri: nusu fainali ya taifa inachezwa karibu na mlango wa mpinzani, ndani ya uwanja wa zaidi ya watu sabini elfu. Thabeet alifunga pointi 17. Michigan State ilikimbia, ikakimbia tena, ikawachosha warefu, ikashinda 82 kwa 73. Msimu ukaishia hapo: ushindi 31, vipigo 5, bila kombe.

Wiki hiyohiyo, timu ya wanawake ya chuo hichohicho, chini ya kocha Geno Auriemma, ilitwaa ubingwa wake bila kufungwa hata mara moja, michezo 39 kwa 39. Mashabiki wa Storrs walikuwa na msiba na harusi katika nyumba moja. Hata hivyo timu ya wanawake si mada ya leo. Inatosha kusema kwamba Auriemma amebeba ubingwa mara 12, wa mwisho mwaka 2025, na kwamba anayetaka raha bila presha angefanya vyema kuishabikia hiyo.

Juni 2009 Thabeet akachaguliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili kwa vijana wote, nyuma ya Blake Griffin tu. Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Waliochaguliwa baada yake siku ile ni pamoja na James Harden na Stephen Curry, na majina hayo mawili yamekuwa fimbo ya kumchapia Thabeet mpaka leo. NBA haikumwendea vizuri. Memphis ilimshusha kwa muda kwenye ligi ya chini, akapita Houston, Portland na Oklahoma City, na mwaka 2014 safari ya NBA ikaisha. Baadaye alicheza Asia.

Lakini shabiki wa chuo ana hesabu yake. Kwake, mchezaji hapimwi kwa alichofanya baada ya kuaga. Anapimwa kwa miaka aliyoivaa jezi. Kwa hesabu hiyo Thabeet ni mmoja wa walinzi wakubwa wa historia ya UConn. Msimu wake wa mwisho alikuwa na wastani wa pointi 13 na ushei, karibu ribaundi 11, na mitupo zaidi ya minne iliyozuiwa kila mchezo. Wanaomwita aliyeshindwa wanachanganya kazi mbili tofauti.

Sasa, wasikilizaji, turudi kwenye timu, maana timu haikungoja. Baada ya Thabeet ikashuka: ushindi 18, vipigo 16, Machi bila mwaliko mkuu. Mwaka uliofuata, 2011, ligi ilipoisha UConn ilikuwa ya tisa katika kundi lake la timu kumi na sita. Ya tisa! Nani angeweka hata franga mia kwenye timu ya tisa?

Ikafika New York kwenye mashindano ya kundi, ukumbi uleule wa usiku wa Syracuse. Timu dhaifu hulazimika kuanza mapema, kwa hiyo ili kuchukua kombe ilibidi kucheza siku tano mfululizo. Kijana mmoja wa Bronx, Kemba Walker, akaibeba. Siku tano, ushindi tano. Kisha mtoano wa taifa, ushindi sita. Kumi na mmoja bila kuteleza. Fainali waliwafunga Butler 53 kwa 41, katika mchezo mbaya kuutazama: Butler walitupa mara 64 na mpira ukaingia mara 12 tu. Ubaya huo haukumsumbua shabiki yeyote wa Connecticut.

Hapa kuna jambo la kusemwa waziwazi. Kikosi cha 2009, chenye Thabeet, kilikuwa bora kuliko cha 2011. Kilishinda mara nyingi zaidi katika ligi, na kilikaa namba moja ya nchi. Lakini kombe ni la 2011. Mtoano hautafuti timu bora ya mwaka. Unatafuta timu iliyo nzima na yenye moto katika wiki tatu za Machi. Anayeshabikia chuo sharti akubali hilo mapema, la sivyo moyo utamsumbua kila mwaka.

Kuna kushuka kwingine ambako hakutokani na mpira. Mwaka 2013 UConn ilikatazwa kucheza mtoano wa Machi. Kosa lilikuwa la darasani. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, NCAA, hupima kama wachezaji wanasoma na kuendelea na masomo, na alama za UConn za miaka ya nyuma zilikuwa chini ya kiwango. Walioadhibiwa hawakuwa waliofeli. Waliofeli walikwisha kuondoka. Waliokuja nyuma yao ndio waliolipa. Calhoun alikuwa amestaafu, na mwanafunzi wake wa zamani, Kevin Ollie, akarithi timu isiyo na la kugombea. Ilishinda michezo 20 hata hivyo.

Mashabiki wa Burundi wanaielewa hali hiyo vizuri kuliko wengi. Machi 2024 Dynamo ya Bujumbura ilikwenda Pretoria kucheza Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, ile BAL. Ilishinda mchezo wa kwanza dhidi ya Cape Town Tigers, 86 kwa 73, ikiwa imefunika kwa utepe maandishi ya Visit Rwanda yaliyokuwa kwenye jezi. Mpaka wa Burundi na Rwanda ulikuwa umefungwa tangu Januari. Waandaaji wakasisitiza jezi ivaliwe kama ilivyo. Dynamo haikucheza michezo miwili iliyofuata, na kanuni ni kwamba timu ikisusa mara mbili inaondolewa. Sababu za Pretoria na za Storrs ni tofauti kabisa. Kwa shabiki, uchungu unafanana: timu haikushindwa uwanjani, na hakuna ribaundi wala mtupo wa kulaumu.

UConn ilipata bahati ambayo Dynamo haikuipata mara moja: mwaka uliofuata ulikuwa wa furaha. Na haukuanza hivyo! Mapema Machi 2014 Louisville iliwafunga 81 kwa 48. Pointi thelathini na tatu. Mwezi mmoja baadaye, wakiongozwa na Shabazz Napier, waliwafunga Kentucky 60 kwa 54 wakawa mabingwa. Hakuna timu iliyopangwa namba ya saba katika kundi lake la mtoano iliyokuwa imewahi kufanya hivyo. Njiani waliwatoa Michigan State, walewale wa Detroit. Shabiki asiyekumbuka 2009 aliiona kama mechi nyingine. Shabiki anayekumbuka alilala vizuri usiku ule.

Baada ya hapo kukaja kiangazi kirefu. Vyuo vikubwa vya Marekani vilikuwa vimehamahama makundi vikitafuta fedha za televisheni, na UConn ikajikuta katika kundi jipya, mbali na wapinzani wa jadi. Wapinzani wasio na historia hawajazi uwanja. Misimu miwili mfululizo, 2017 na 2018, timu ilipoteza michezo mingi kuliko iliyoshinda, Ollie akaondolewa. Kocha mpya, Dan Hurley, mtu wa kelele nyingi kando ya uwanja, naye alianza kwa kufungwa. Mwaka 2020 chuo kikarejea kwenye kundi lake la zamani, Big East. Mwaka 2021 wakatolewa raundi ya kwanza ya mtoano. Mwaka 2022, vilevile.

Na 2023? Walianza kwa ushindi 14 bila kipigo. Kuanzia mwisho wa Desemba wakafungwa mara sita katika michezo minane. Wengi walisema ni yaleyale. Machi ikaja, wakashinda michezo yote sita, kila mmoja kwa pointi 13 au zaidi, wakiongozwa ndani na Adama Sanogo, kijana wa Mali. Mwaka 2024 wakarudia tena, jambo ambalo hakuna chuo kilichokuwa kimelifanya tangu Florida ya 2006 na 2007. Dhidi ya Illinois walifunga pointi thelathini mfululizo bila kujibiwa hata moja.

Fainali ya 2024 ina somo la pekee kwa waliompenda Thabeet. Purdue ilikuwa na Zach Edey, mwenye mita 2.24, mrefu hata kumzidi Thabeet. Edey alifunga pointi 37 usiku ule. UConn ilimwacha afunge, ikawafunga pingu wenzake waliozoea kutupa kutoka mbali, ikashinda 75 kwa 60. Jitu moja, hata likiwa na usiku mzuri, halishindi watano wanaopasiana.

Makombe ya 2023 na 2024 yalipatikana kwa njia ambayo enzi za Thabeet haikuwepo. Tangu 2021 mchezaji wa chuo Marekani anaweza kuhamia chuo kingine na kucheza mara moja, bila kukaa mwaka nje kama zamani, na anaruhusiwa kulipwa kwa matangazo. Tristen Newton, mchezaji bora wa fainali za 2024, alitoka East Carolina. Cam Spencer alitoka Rutgers. Zamani shabiki alimwona kijana akikua miaka mitatu, kama Thabeet alivyotoka kuwa mti na kuwa mlinzi bora. Siku hizi nusu ya kikosi inaweza kuwa ya watu waliofika Juni na watakaoondoka Aprili. Timu inajengeka haraka, na inabomoka haraka. Kwa upande wa makombe, mabadiliko hayo yameisaidia UConn. Kwa upande wa mapenzi yanayokua polepole, shabiki amepoteza kitu, na ni kitu kikubwa.

Machi 2025 walitafuta ubingwa wa tatu mfululizo. Florida iliwatoa raundi ya pili, 77 kwa 75, kisha Florida yenyewe ikawa bingwa. Makombe ya UConn ni sita: 1999, 2004, 2011, 2014, 2023 na 2024. Katikati yake ziko Machi za kutoalikwa, moja ya kufungiwa, na nyingine za kutolewa na vyuo ambavyo majina yake hayakujulikana hadi usiku ule.

Msikilizaji anayetaka kuifuata timu ya chuo, iwe hiyo au nyingine, na aianze Januari. Novemba kila timu inacheza na wanyonge na kila timu inaonekana bingwa. Januari ndipo ligi inapouma, majeruhi wanapoongezeka, na kocha anapoonyesha kama ana timu. Mtoano unaanza katikati ya Machi, na fainali huchezwa usiku wa Jumatatu mwanzoni mwa Aprili. Kwa Burundi hiyo ni karibu saa tisa usiku, kuamkia Jumanne. Mwenye shule kesho alale kwanza.